Je, Wajua? Ubao wa Olmotonyi na Ngao za Vyombo vya Anga

Ukipanda kutoka Ngaramtoni kuelekea Olmotonyi, mkoani Arusha, kwenye mteremko wa Mlima Meru, unakutana na mapaina, masaipresi na Chuo cha Misitu. Ni mahali pa mbao, na ndiyo maana safu hii imepachagua kuelezea jambo linalowakosesha usingizi wahandisi wa vyombo vya anga: kitu kikae vipi kwenye joto kali na baridi kali bila kuungua, kupinda wala kupasuka? Majibu yao mengi yanafuata kanuni ambayo mti umeitumia kwa mamilioni ya miaka.

UBAO

1. Je, wajua kwamba ubao ni kompositi? Kompositi ni kitu kilichoundwa kwa vitu viwili au zaidi vilivyoshikana huku kila kimoja kikibaki na tabia yake. Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni selulosi, nyuzi zinazobeba mzigo. Robo hivi ni lignini, gundi inayozishikilia nyuzi hizo. Nyuzi zikiwa peke yake hulegea, na gundi ikiwa peke yake hukatika. Zikishikana, zinasimamisha paina la mita 30 kwenye upepo wa Meru.

2. Nyumba ya Kimaasai ya fito, udongo na samadi imejengwa vivyo hivyo: fito zinashika umbo, udongo unajaza nafasi na kuzuia joto. Badala ya fito weka nyuzi za kaboni, badala ya udongo weka resini, na hapo una paneli ya satelaiti.

3. Olmotonyi pia kuna msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Mwanafunzi wa misitu hujifunza mapema kwamba ubao una pande zake. Ukikauka, kwa urefu hunywea asilimia 0.1 hadi 0.3 tu, lakini kwa kufuata duara la pete zake unaweza kunywea hata mara 30 ya hapo. Tazama ncha ya gogo lililolala juani: nyufa zinatoka kwenye kiini kwenda kwenye ganda, kwa kuwa mti hunywea zaidi kuzunguka pete kuliko kuelekea kiini. Gogo linajipasua lenyewe.

4. Dawa ya tatizo hilo iko kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi: plaiwudi. Tabaka moja nyuzi zake zinalala kwa urefu, linalofuata zinalala kwa upana, na kila tabaka linalizuia jingine lisinywee. Wahandisi wa satelaiti hupanga karatasi za nyuzi za kaboni kwa mtindo huohuo, wakiongeza na pembe ya nyuzi 45, ili paneli isivutwe upande mmoja.

5. Kwa kufuata urefu wa nyuzi zake, ubao ukipata joto hautanuki sana kama chuma cha pua, sembuse alumini. Kwa kila nyuzijoto moja, ubao huongezeka sehemu 3 hadi 5 katika milioni za urefu wake. Alumini huongezeka sehemu 23.

6. Boriti nene ya mbao ikishika moto, nje huwa mkaa na ndani hubaki nzima kwa muda mrefu, kwa sababu mkaa wenyewe unazuia joto lisiingie. Kwa mbao laini kama paina, moto hula chini ya milimita moja kwa dakika. Ishike kanuni hii ya kuacha tabaka la nje liungue ili la ndani lipone, kwani ndiyo iliyowarudisha nyumbani wanaanga waliokwenda mwezini.

JOTO LA HUKO JUU

7. Je, wajua kwamba chombo kinachozunguka karibu na dunia huona jua likichomoza mara 16 hivi kwa siku? Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, upande unaopigwa na jua unaweza kufika nyuzijoto 121 na wa kivulini ukashuka hadi 157 chini ya sifuri.

8. Feni haina kazi nje ya chombo cha anga. Hewa hakuna, kwa hiyo hakuna upepo wa kubeba joto. Njia pekee ya kulitoa nje ni kulirusha kama mionzi, taratibu. Ndiyo maana kituo hicho kina paneli kubwa zenye mabomba ya amonia, ambazo kazi yake ni kukusanya joto la mitambo na kulimwaga angani.

9. Ile karatasi ya dhahabu inayong'aa kwenye picha za satelaiti kwa kawaida haina dhahabu hata chembe. Ni plastiki iitwayo Kapton, yenye rangi ya kahawia-njano, iliyopakwa alumini upande wa nyuma. Alumini inarudisha mwanga, plastiki inaupa rangi.

10. Karatasi hizo hupangwa nyingi, moja juu ya nyingine, na katikati huwekwa wavu mwembamba ili zisigusane. Zikigusana joto linavuka. Zikiachana, katika ombwe lile lisilo na hewa, linakwama.

11. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021 kutoka Kourou, imejifunika mwavuli wa tabaka 5 za Kapton wenye ukubwa unaokaribia uwanja wa tenisi. Tabaka la kwanza lina unene wa milimita 0.05, na yaliyobaki nusu ya hapo. Upande wa jua ungeweza kuchemsha chai. Upande wa darubini uko zaidi ya nyuzijoto 220 chini ya sifuri.

12. Grafiti hupitisha joto kwa kasi kubwa kwa kufuata bapa la tabaka zake, lakini hulipitisha kwa shida kutoka tabaka moja kwenda jingine. Karatasi nzuri za grafiti hulipitisha joto vizuri kuliko shaba. Wahandisi huzitumia kulihamisha joto kutoka kwenye kompyuta ya satelaiti hadi ukingoni, mahali pa kulitupa.

13. Gari lililoendeshwa mwezini na wanaanga wa Apollo 15 mwaka 1971 lilipozwa kwa nta. Mitambo ilipopata moto, nta iliyeyuka na kulimeza joto. Gari lilipoegeshwa, vifuniko vilifunguliwa, joto likatoka, nta ikaganda tena.

UMBO LISIYUMBE

14. Je, wajua kwamba fimbo ya alumini ya mita moja ikiongezewa joto nyuzijoto 100 hurefuka kwa milimita 2.3? Kwa mlango wa chuma hiyo ni kero ndogo. Kwa darubini inayotazama nyota, picha yote imeharibika.

15. Unyuzi mmoja wa kaboni una unene wa kama mikromita 7, mwembamba mara 10 kuliko unywele. Hutengenezwa kwa kuchoma nyuzi za plastiki kwanza hewani kwa nyuzijoto 200 hadi 300, kisha kwa zaidi ya nyuzijoto 1,000 mahali pasipo na oksijeni, mpaka karibu kila kitu kisicho kaboni kitoke.

16. Ukiupasha moto unyuzi huo, kwa urefu wake hunywea kidogo badala ya kutanuka. Resini inayoushika hutanuka. Mhandisi akipiga hesabu vizuri ya kiasi cha nyuzi, kiasi cha resini na pembe za tabaka, kunywea na kutanuka vinafutana. Anapata fimbo ambayo haibadili urefu, iwe juani au kivulini. Hapa ndipo kompositi inapoishinda metali yoyote ya kawaida, na ndiyo sababu kubwa ya kutumika kwake kwenye darubini za angani.

17. Fremu inayoshikilia vioo vya darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 24, 1990, ni ya nyuzi za grafiti na resini ya epoksi. Kila dakika 95 hivi inaingia juani na kutoka, na vioo lazima vibaki mahali pake.

18. Hubble hiyohiyo ilipata somo chungu. Nguzo za paneli zake za kwanza za sola zilijipinda na kutetema kila chombo kilipovuka mpaka wa kivuli na jua, na darubini nzima ikatikisika. Wanaanga walizibadilisha Desemba 1993. Kompositi bora ya fremu haikufua dafu mbele ya kipande kimoja kilichoachwa kitanuke ovyo.

19. Mgongo wa nyuzi za kaboni unaobeba vioo 18 vya James Webb ulisanifiwa usisogee zaidi ya nanomita 32 wakati darubini inatazama nyota. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita.

20. Gundi mbaya inaweza kuipofusha satelaiti. Katika ombwe, plastiki na resini hutoa mvuke, na mvuke huo huganda kwenye lenzi. Kwa hiyo kila malighafi hupimwa kwanza: saa 24 ndani ya ombwe kwa nyuzijoto 125. Ikipoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito, kwa kawaida inakataliwa.

21. Kompositi ya resini hufyonza unyevu wa hewa ikiwa duniani, ikifika angani hukauka na kunywea. Ni tatizo lilelile la ubao mbichi, ila hapa linapimwa kwa mikromita. Wahandisi hulipigia hesabu kabla ya roketi kuwashwa.

22. Karibu na dunia kuna adui mwingine: oksijeni iliyovunjwa na mwanga wa jua ikawa atomu mojamoja. Hutafuna plastiki na nyuzi za kaboni zisizo na rangi ya kinga. Marekani ilipeleka sampuli nyingi kwa chombo kiitwacho LDEF Aprili 1984 na kukirudisha Januari 1990. Baadhi ya karatasi nyembamba za plastiki zilikuwa zimetoweka kabisa.

23. Kompositi hizo hazikubaki angani. Ndege ya Boeing 787 Dreamliner, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, nusu ya uzito wa muundo wake ni kompositi, nyingi zikiwa za nyuzi za kaboni.

KURUDI CHINI

24. Je, wajua kwamba kinachokiunguza chombo kinaporudi duniani si msuguano hasa? Chombo huja kwa kasi kiasi kwamba hewa iliyo mbele yake hukosa nafasi ya kukwepa. Inabanwa, na hewa ikibanwa hivyo huwaka. Wanaotoka mwezini huingia kwa kasi ya kama kilomita 11 kwa sekunde.

25. Ngao ya Apollo ilijazwa kwa mkono. Kwanza ilitengenezwa sega la nyuzi za kioo lenye zaidi ya vitundu 370,000. Kisha fundi, akiwa na bomba la kusukuma, alijaza kitundu kimoja baada ya kingine kwa Avcoat, mchanganyiko wa resini na nyuzi za silika. Ngao ilipigwa eksirei. Kitundu kilichoonekana na kiputo cha hewa kilitobolewa na kujazwa upya. Kazi hiyo yote ilikuwa ya kutengeneza kitu kilichokusudiwa kuungua.

26. Ngao hiyo iliungua polepole na kwa mpangilio. Resini iligeuka gesi iliyosukuma joto nje, na mkaa uliobaki ukazuia joto lingine. Ni ile kanuni ya boriti, ila kwa nyuzijoto zaidi ya 2,700.

27. Nusu karne baadaye Avcoat iliwashangaza wahandisi wenyewe. Chombo cha Orion kiliporudi Desemba 11, 2022 baada ya safari ya Artemis I, ngao yake ilikuwa imemeguka vipande mahali zaidi ya 100. Uchunguzi wa NASA uligundua kuwa gesi ilizaliwa ndani ya ngao lakini haikupata vinyweleo vya kutosha vya kutokea, presha ikapanda, mkaa ukapasuka. Hakukuwa na mtu ndani, na joto la chumba lilibaki salama.

28. Kifurushi cha chombo cha Stardust kilichobeba vumbi la nyotamkia kiliingia kwenye hewa ya dunia Januari 15, 2006 kwa kilomita 12.9 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna kitu kilichotengenezwa na binadamu kilikuwa kimewahi kurudi nayo. Ngao yake iliitwa PICA: nyuzi za kaboni zilizonyweshwa resini ya fenoliki. Ilikuwa nyepesi kuliko ubao wa paina wa ukubwa huohuo.

29. Pua na kingo za mabawa ya chombo cha Space Shuttle zilikuwa za kaboni juu ya kaboni: nyuzi za kaboni zilizoshikwa na kaboni. Zilihimili joto kali lakini hazikuhimili pigo. Januari 16, 2003, kipande cha povu gumu kisichofika kilo moja kilichomoka kwenye tangi na kugonga ukingo wa bawa la Columbia, mojawapo ya vyombo hivyo, na kuutoboa. Februari 1, ilipokuwa ikirudi, joto liliingia kupitia tundu hilo, na wanaanga 7 wakafariki.

30. Chombo cha Parker Solar Probe, kilichorushwa Agosti 12, 2018, kina ngao yenye unene wa sentimita 11.4 na uzito wa kilo 73. Ni kuta mbili za kaboni juu ya kaboni zenye povu la kaboni katikati, na asilimia 97 ya povu hilo ni nafasi tupu. Mbele ni kama nyuzijoto 1,370. Nyuma, vifaa vimekaa kwenye joto la kama 30, sawa na mchana wa Dar es Salaam. Desemba 24, 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye jua.

MTI WENYEWE ANGANI

31. Je, wajua kwamba gome la mti limefika Mirihi? Ngao ya chombo cha Ulaya cha Schiaparelli, kilichoingia kwenye hewa ya Mirihi Oktoba 19, 2016, ilifunikwa vigae vya unga wa koki uliochanganywa na resini. Koki ni gome la mwaloni wa nchi za Mediterania, lilelile la kuzibia chupa za mvinyo. Chombo kilianguka vibaya kwa hitilafu ya mfumo wa kukiongoza, lakini ngao ilifanya kazi yake.

32. China ilirudisha satelaiti zake za mwanzo za kupiga picha, kuanzia mwaka 1975, zikiwa na ngao ya mbao ya mwaloni. Ilikuwa rahisi, ilipatikana, na ilijua kugeuka mkaa.

33. Mwaka 1962 Marekani ilifunga vifaa vya kupimia matetemeko ndani ya mpira wa mbao za balsa, ikitumaini mbao zingemeza pigo la kutua mwezini. Chombo cha Ranger 4 kilichobeba mpira huo kilifika kweli, kikagonga upande wa mwezi tusiouona Aprili 26, 1962, lakini kilikuwa kimeshazimika njiani.

34. Satelaiti ya kwanza duniani ya mbao inaitwa LignoSat. Ni boksi la sentimita 10 kwa kila upande, kazi ya Chuo Kikuu cha Kyoto na kampuni ya Sumitomo Forestry. Kuta zake ni za mti wa magnolia wa Japani, zimeungwa kwa ufundi wa jadi wa maseremala wa huko bila skrubu wala gundi. Ilirushwa Novemba 2024 na kuachiwa angani Desemba mwaka huohuo.

35. Kabla ya hapo, sampuli za magnolia, mcheri na mbirchi zilianikwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa miezi 10 hivi. Hazikuoza wala kupasuka. Kuoza kunahitaji unyevu na vijidudu, kuungua kunahitaji hewa yenye oksijeni, na huko hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

36. Sababu ya Wajapani kung'ang'ania mbao ni uchafu. Satelaiti ya alumini ikiungua wakati wa kurudi huacha chembechembe za oksidi ya alumini katika anga la juu. Ya mbao huacha majivu kidogo, mvuke na kaboni dayoksaidi.

AFRIKA MASHARIKI

37. Je, wajua kwamba mlango ulioitoa LignoSat ndio uliozitoa satelaiti za majirani zetu? Chumba cha Kijapani cha Kibo, kwenye kituo hicho cha anga, kiliachia 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi Mei 11, 2018, RWASAT-1 ya Rwanda Novemba 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda Desemba 2, 2022. Nchi hizo tatu zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako hapa Arusha.

38. Kenya iliongeza Taifa-1 Aprili 15, 2023, ikirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Ilitengenezwa ili kupiga picha za ardhi kwa ajili ya kilimo na mazingira.

39. Lakini roketi zilipaa kutoka pwani ya Afrika Mashariki zamani zaidi. Katika bahari ya Ras Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, jukwaa la Waitaliano la San Marco lilirusha satelaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilipaa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza nyota kwa eksirei pekee. Ikapewa jina Uhuru.

40. Roketi iliyoibeba Uhuru iliitwa Scout, na injini zake za juu zilikuwa na maganda ya nyuzi za kioo zilizozungushwa na kushikwa kwa resini. Kompositi za anga zilikuwa Malindi zaidi ya miaka 50 iliyopita.

41. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kama kilo 500 na kipenyo cha mita 2.5 ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema uchunguzi wa awali ulionyesha ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Vitu vya namna hiyo hutarajiwa kuungua angani au kuanguka baharini. Hiyo haikufanya lolote kati ya hayo.

42. Mitungi ya gesi ya roketi iliyozungushiwa nyuzi za kaboni ni sugu pia. Februari 19, 2025, mmoja wa roketi ya Falcon 9 ulikutwa kwenye uwanja wa ghala karibu na Poznań, Poland. Sifa inayoifanya kompositi iaminike juu ndiyo inayoifanya iwe hatari inaposhuka.

43. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye urefu wa kama mita 3 na karibu asilimia 90 ya chuma, kilivuka hewa hiyohiyo bila ngao. Kimondo hujilinda kwa kujitoa sadaka: uso wake huyeyuka na kupeperuka, ukiondoka na joto, na kiini kinabaki baridi. Ngao ya Apollo ilifanya hivyohivyo kwa makusudi.

HAPA KWETU

44. Je, wajua kwamba wanaapolo, yaani wachimbaji wa tanzanite, wa Mirerani wanatoka shimoni weusi tii kwa sababu ya grafiti? Tanzanite hupatikana katika miamba yenye grafiti, kaboni ileile yenye tabaka inayohamisha joto kwenye satelaiti. Tanzania ina akiba kubwa ya grafiti pia Mahenge na Ruangwa.

45. Katani ni unyuzi wa kompositi, na zaidi ya nusu yake ni selulosi. Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge mwaka 1893. Vilivyofika hai na kupandwa Kikogwe, Pangani, vilikuwa 62. Kutoka hapo nchi ikafika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Leo viwanda vya magari vinatumia nyuzi za mimea, katani ikiwemo, kwenye paneli za ndani za milango.

46. Kwa hiyo nyuzi tunazo, kaboni tunayo, mbao tunazo. Pengo liko katikati, pale malighafi inapogeuzwa kuwa kitu kilichopimwa, kinachojulikana kinatanuka kiasi gani na kinavumilia joto lipi. Nchi isiyojaza pengo hilo itaendelea kuuza magunia na kununua paneli.

47. Mlango wa kuingilia kazi hiyo uko karibu. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iko Tengeru, upande wa pili wa jiji la Arusha, na inafundisha sayansi ya mata hadi uzamivu. Sayansi ya mbao inafundishwa SUA na Olmotonyi. Mwanafunzi wa kidato cha nne unayesoma safu hii na unayeweza fizikia, kemia na hisabati, jaza tahasusi ya PCM. Ukifika chuoni, ulizia maabara ya mata kabla hujaulizia ofisi.